PHP ya TS na NTS: kiendelezi cha sqlsrv kinaitika kwenye laptopu, kwenye seva kinagoma

fundi_igoma:

Habari za jioni wakuu,

Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa PHP kwenye Windows. Nina mteja hapa Mwanza, duka la jumla la vipuri vya magari. Mahesabu yao yote yako kwenye SQL Server, kanzidata ya Microsoft, na bosi anataka kuona mauzo ya siku kwenye simu bila kumsumbua mhasibu. Nimemtengenezea ripoti kwa PHP. Kwenye laptopu natumia XAMPP (kifurushi chenye Apache na PHP pamoja) yenye PHP 8.2.12. Nimeweka faili la `php_sqlsrv_82_ts_x64.dll`, kiendelezi kinachoiunganisha PHP na SQL Server, kwenye folda ya ext, nikaongeza mstari kwenye php.ini, kila kitu kikaitika.

Seva ya dukani ni Windows Server, tayari ina IIS (seva ya wavuti ya Microsoft), na jamaa aliyekuwa akiwahudumia kabla yangu alishaweka PHP 8.2 humo. Nimenakili faili lile lile, mstari ule ule, nikawasha upya. Napata hivi:

`PHP Warning: PHP Startup: Unable to load dynamic library 'php_sqlsrv_82_ts_x64.dll' (tried: C:\PHP\ext\php_sqlsrv_82_ts_x64.dll (The specified module could not be found)`

Faili lipo. Naliona kwa macho yangu pale pale kwenye folda. PHP ni 8.2 pande zote mbili, zote ni biti 64.

Mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp kaniambia sababu ni kwamba PHP ya seva ni NTS, yaani haina ulinzi wa thredi (kazi kadhaa zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja), na ya laptopu ni TS, yenye ulinzi huo. Hapo ndipo nimeingiwa na hofu zaidi. Bosi, mhasibu na vijana wa kaunta watafungua ripoti kwa wakati mmoja. Kama PHP haina ulinzi wa thredi, haitachanganya takwimu za huyu na za yule? Nimefikiria kuiondoa niweke TS ili seva ifanane na laptopu. Nifanye hivyo au niache?

---

kijana_wa_ilala:

Mkuu, weka Microsoft ODBC Driver (programu ya kuunganishia SQL Server), hiyo ndiyo inayokosekana. Ikigoma, futa hiyo PHP, weka XAMPP kwenye seva, kazi iendelee.

---

bi_chumbageni:

Mdogo wangu wa Igoma, usiguse hiyo PHP ya seva. Aliyeiweka alijua anachofanya. Cha kubadilisha ni faili ulilolipeleka.

Windows imeliona faili lako. Imelifungua, ikakuta ndani yake limeandikwa kwamba linategemea faili jingine liitwalo `php8ts.dll`, na hilo ndilo ililolitafuta ikalikosa. Kila PHP ya Windows ina faili moja kubwa lililobeba injini yenyewe. Kwenye TS linaitwa `php8ts.dll`, kwenye NTS linaitwa `php8.dll`. Fungua `C:\PHP` kwenye seva utakuta `php8.dll` peke yake. Fungua folda ya php ndani ya XAMPP utakuta `php8ts.dll`. Ujumbe huo wa kosa umewakesha watu wengi kwa sababu unataja jina la faili lililopo na kunyamazia lile lisilokuwepo.

Dawa: rudi kwenye kifurushi ulichoshusha cha viendelezi vya SQL Server. Ndani yake mna mafaili kwa kila toleo la PHP, na kila toleo lina pande mbili. Chukua `php_sqlsrv_82_nts_x64.dll`, na kama unatumia PDO (njia nyingine ya PHP ya kuongea na kanzidata) chukua `php_pdo_sqlsrv_82_nts_x64.dll`. Weka kwenye ext, rekebisha jina kwenye php.ini, andika `iisreset`.

Kijana wa Ilala, ODBC inahitajika kweli, lakini kukosekana kwake hakuzuii kiendelezi kupakiwa. Kingepakiwa salama, na lalamiko lingekuja pale unapoita `sqlsrv_connect`, tena lingesema waziwazi kwamba linataka ODBC Driver. Hapa tumekwama hatua moja kabla ya hapo. Kwa hiyo aiweke, ila haitaondoa kosa hili. Na XAMPP kwenye seva ya kazi siiungi mkono. Wenyewe walioitengeneza wanasema ni ya kujifunzia na kutengenezea, na mipangilio yake imelegezwa kwa ajili hiyo.

Sasa namna ya kuhakikisha, maana usipende kubahatisha dll moja baada ya nyingine mpaka moja ikubali. Weka ukurasa wenye `phpinfo()` kwenye tovuti yenyewe ya IIS, uufungue kwa kivinjari, kisha uufute siku hiyo hiyo kwa sababu unaanika siri za seva. Usitegemee dirisha la amri. Mashine ikiwa na PHP mbili, litakujibu kwa ile iliyotangulia kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu), na inaweza isiwe hiyo inayotumiwa na IIS. Tafuta mstari wa `PHP Extension Build`. Kwenye seva yako utasomeka `API20220829,NTS,VS16`. Kwenye XAMPP yako utasomeka `API20220829,TS,VS16`. Karibu na hapo kuna `Architecture`, x64.

Hayo ndiyo mambo manne ambayo kiendelezi lazima kilingane nayo. 20220829 ni namba ya API ya PHP 8.2. Ya 8.1 ni 20210902, ya 8.3 ni 20230831, ya 8.4 ni 20240924. Ndiyo maana dll ya 8.2 huwezi kuipeleka 8.3 hata kama kazi yake ni ile ile. VS16 ni kompaila ya Microsoft iliyotumika, na imetumika kuanzia 8.0 hadi 8.3, kisha 8.4 ikahamia VS17. Usanifu wa biti wewe umeshauangalia. Lililobaki ni TS au NTS, na hapo ndipo ulipokwama.

Hofu yako naiona ina uzito kuliko kosa lenyewe, kwa hiyo niichukue taratibu.

PHP ikiwa kazini inashika mambo mengi ya ombi linaloendelea: vigeu vya skripti, vichwa vya HTTP, mipangilio ya php.ini, miunganisho iliyo wazi ya kanzidata. Kwa ndani, kwenye C, mambo hayo yamewekwa katika miundo ya jumla, mahali pamoja kwenye kumbukumbu ambapo kila sehemu ya injini inapafahamu. Prosesi moja, yaani programu inayoendeshwa ikiwa na kumbukumbu yake, ikihudumia ombi moja kwa wakati, mpangilio huu hauna kasoro yoyote. Mfumo wa uendeshaji wenyewe unazuia prosesi moja isiguse kumbukumbu ya nyingine. Shida inaanza pale prosesi moja inapokuwa na thredi nyingi, kila thredi na ombi lake, kwa sababu thredi zote zinaona kumbukumbu ile ile. Bosi anafungua ripoti ya Januari, mhasibu anafungua ya Februari, na wote wawili wanaandika juu ya muundo mmoja.

TSRM, sehemu ya PHP inayosimamia data ya kila thredi, ililetwa na PHP 4 mwaka 2000 kwa ajili ya hali hiyo. Kila thredi inapewa nakala yake ya miundo ile, na injini kabla ya kugusa kitu inatafuta kwanza nakala ya thredi iliyomo. Ni kama wahudumu wa benki wanaokaa ukumbi mmoja, lakini kila mmoja amepewa droo yake ya fedha na funguo yake. PHP yenye mpango huo ndiyo TS. NTS imejengwa bila droo hizo kwa sababu kila mhudumu ana chumba chake.

Kutafuta nakala kuna gharama. Mpaka PHP 5, walioandika viendelezi walilazimika kupitisha pointa moja kwenye karibu kila fanksheni, utaona `TSRMLS_CC` imejaa kila mstari wa msimbo wa zamani. PHP 7, Desemba 2015, iliondoa mzigo huo kwa kutumia hifadhi ya thredi yenyewe, na tofauti ya kasi ikapungua sana. Lakini umbo la kumbukumbu bado ni tofauti. Hata muundo mdogo ambao kiendelezi hujitambulisha nao kwa injini una sehemu isiyofanana: upande wa NTS unabeba pointa ya vigeu vyake vya jumla, upande wa TS unabeba kitambulisho cha kuviulizia kwenye TSRM. Ukilazimisha kiendelezi cha upande mmoja kuingia upande wa pili, kitasoma kumbukumbu mahali ambapo kitu hicho hakipo. Kwa hiyo PHP inapokataa mlangoni, inakuokoa.

Kwenye seva yako, IIS inaendesha PHP kwa FastCGI, yaani nje yake kama prosesi za pembeni. Fungua Task Manager wakati watu wanatumia ripoti, utaona `php-cgi.exe` kadhaa. Kila moja inahudumia ombi moja tu kwa wakati mmoja, ikimaliza inapokea jingine. Ombi la bosi na la mhasibu yako kwenye prosesi mbili tofauti, hayana mahali pa kukutania. Watumiaji wakiongezeka, IIS inaongeza prosesi mpaka kikomo cha `maxInstances`. Hakuna takwimu zitakazochanganyika kwa sababu ya NTS.

Linganisha na XAMPP kwenye Windows. Apache huko inatumia mpm_winnt: prosesi moja ya usimamizi, na prosesi moja ya kazi yenye thredi nyingi ndani yake, PHP ikiwa imepachikwa humo humo kama moduli. Hapo TS ni lazima, ndiyo maana XAMPP imekuja nayo. Na kiendelezi kimoja kikianguka kwa kosa la kumbukumbu, prosesi nzima inaanguka na maombi yote yaliyokuwa ndani yake yanakatika kwa pamoja mpaka Apache iwashe nyingine. Kwenye FastCGI, anaanguka yule aliyekuwa kwenye prosesi ile peke yake. Kwa duka la watu wanaosubiri risiti, tofauti hiyo ni kubwa. Hata kama ungeanza leo na seva tupu, ningekuambia NTS na FastCGI.

Kitu kimoja nakuomba ukishike kabla hujaenda mbali na mfumo huu. TS au NTS vinalinda kumbukumbu ya injini. Havilindi stoo ya mteja wako. Leo unasoma ripoti tu, lakini najua kinachofuata: bosi ataomba na kuuza kupitia humo humo. Vijana wawili wa kaunta wakiuza beringi ya mwisho kwa sekunde moja, skripti zote mbili zitasoma idadi ikiwa 1, zote zitaandika 0, na wateja wawili watakuwa na risiti ya beringi moja. Hilo linatokea kwenye PHP ya aina yoyote. Dawa yake iko kwenye kanzidata: `UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1 WHERE id = ? AND idadi >= 1`, halafu angalia ni safu ngapi zimeguswa. Ikiwa sifuri, mzigo umekwisha, mwambie mteja pale pale.

---

msimbo_eastleigh:

Dada Chumbageni, ahsante kwa maelezo. Naomba kuingilia hapo hapo kwa sababu yangu ni ya upande wa Linux, na nadhani jibu linahusiana.

Hapa Nairobi tuna programu ya ankara kwa biashara ndogo. Iko kwenye Docker (mfumo wa kontena), PHP 8.3 na php-fpm, inayolipa kila ombi prosesi yake. Wenzangu wanataka tuhamie FrankenPHP, seva inayoendesha PHP kwa thredi, kwa sababu ya kasi, na mimi nimepewa kazi ya kujaribu. Nimeona inahitaji PHP ya ZTS. Nilichukua faili za `.so` (viendelezi vya upande wa Linux) kutoka kontena la zamani zikakataliwa, nikazikompaili upya ndani ya kontena jipya zikakubali zote, pamoja na imap tunayoitumia kusoma ankara za wasambazaji kutoka barua pepe. Programu inafungua, kurasa zinatoka. Je, naweza kusema kazi imeisha? Ama kuna kitu cha kuangalia zaidi?

---

bi_chumbageni:

Karibu kaka. Bado haijaisha, na hiyo imap ndiyo ingeninyima usingizi.

Kukataliwa kwa zile `.so` za zamani ni jambo lile lile la Igoma, ila Linux ina adabu zaidi kwenye ujumbe wake. Huenda uliona maneno `Module compiled with build ID=API20230831,NTS` na chini yake `PHP compiled with build ID=API20230831,TS`. Hata folda zenyewe zinasema. Kwenye picha rasmi za Docker, viendelezi vya kawaida viko `no-debug-non-zts-20230831`, na vya ZTS viko `no-debug-zts-20230831`. ZTS na TS ni kitu kimoja.

Ila muhuri wa TS unathibitisha jambo moja tu: kwamba kiendelezi kimekompailiwa dhidi ya vichwa vya PHP ya TS. Kompaila haikukagua kama ndani yake kuna kigeu cha jumla kinachoandikwa na thredi mbili. Haikukagua pia maktaba ya C ambayo kiendelezi kimeiegemea. PHP inajua kuweka droo kwa vitu vyake na kwa vigeu ambavyo mwandishi wa kiendelezi amevitangaza ndani ya `ZEND_BEGIN_MODULE_GLOBALS`. Maktaba ya nje haijui habari za TSRM hata kidogo.

Kiendelezi cha imap kimesimama juu ya maktaba ya zamani iitwayo c-client, na c-client haikutengenezwa kwa thredi. Nyaraka za FrankenPHP zenyewe zinakitaja imap miongoni mwa viendelezi visivyofaa kutumika nayo kwa sababu hiyo. Na kuanzia PHP 8.4 kimeondolewa kabisa kwenye PHP ya msingi, kimepelekwa PECL, hazina ya viendelezi vya nje. Ubaya wa kosa la aina hii ni kwamba ukijaribu peke yako na kivinjari kimoja, kila kitu kinapendeza. Linajitokeza wateja wawili wanapogusa fanksheni hizo pamoja, na halijitokezi kila mara. Unaweza kupata kuanguka kwa prosesi nzima, na hilo ni afadhali, kwa sababu linaonekana. Kinachonitisha mimi ni barua ya msambazaji wa mteja mmoja kuonekana kwenye akaunti ya mteja mwingine. Ninyi mnashika ankara za watu, kaka. Msikubali hata uwezekano wake.

Njia mbili ninazoziona. Ya kwanza, tumieni maktaba ya IMAP iliyoandikwa kwa PHP yenyewe, kwa mfano ya Webklex, haihitaji c-client. Ya pili, na ndiyo ninayoipenda zaidi kwenu: toeni kazi ya kusoma barua nje ya wavuti. Kontena dogo la PHP ya NTS ya dirisha la amri, linaamshwa na cron (kipanga ratiba cha Linux), linasoma barua, linaweka ankara kwenye kanzidata. Programu ya wavuti inasoma kanzidata tu. Kusoma barua pepe ndani ya ombi la wavuti ni jambo la kuepukwa hata bila habari za thredi, kwani seva ya barua ikichelewa, mteja wako anasubiri mbele ya skrini.

Baada ya imap, kuna mambo ya msimbo wenu wenyewe. Tafuteni `setlocale` na `putenv` kwenye mradi wote, pamoja na folda ya vendor.

`setlocale` inabadilisha mpangilio wa prosesi nzima. Kwenye Windows, tangu PHP 7.0.5, mpangilio huo unashikwa kwa kila thredi, lakini ninyi mko Linux. Ombi moja likiweka lugha ya Kijerumani ili kuandaa ankara ya mteja wa Ujerumani, ombi la jirani linalotumia `printf` na `%.2f` linaweza kuchapa mkato mahali pa nukta, na skripti yake haikugusa `setlocale` kabisa. PHP 8.0 ilipunguza madhara kwa kufanya namba zinapogeuzwa kuwa maandishi zisifuate tena mpangilio huo, lakini `%f` bado inaufuata. Tumieni `%F`, au `number_format`, au vitu vya intl ambavyo unavipa lugha moja kwa moja.

`putenv` nayo kwa kawaida ni hivyo hivyo, inabadilisha mazingira (environment), na mazingira ni ya prosesi. Waandishi wa phpdotenv, maktaba ya kusoma mipangilio ya faili la `.env`, wameandika kwenye maelezo yao kwamba `getenv` na `putenv` si salama kwa thredi, ndiyo maana njia ya kuvitumia wameipa jina la `createUnsafeImmutable`. Kama mnaita hiyo, badilisheni iwe `createImmutable` na msome kutoka `$_ENV`.

Kwa viendelezi vilivyobaki, vile vya msingi vinavyokuja na PHP msivitilie shaka kubwa, ila kila kimoja mkiulize kimeegemea maktaba gani. Vya nje, ambavyo watu wachache wanavitumia, fungueni msimbo wake wa C mtafute `static` zilizo nje ya fanksheni na zisizo `const`. Kama hamna msimbo, `nm` itawaonyesha: `nm faili.so | grep ' [bBdD] '` inatoa orodha ya data ya jumla inayoandikika. Baadhi ya majina yatakuwa halali, kama jedwali la kujitambulisha kwa injini. Yasiyoeleweka ndiyo ya kufuatilia. Halafu fanyeni jaribio la mzigo ambapo kila ombi linabeba utambulisho wake na jibu linalinganishwa na utambulisho huo. Jaribio linalohesabu maombi kwa sekunde peke yake halitawaambia kama jibu limekwenda kwa mwenyewe.

Sipingi FrankenPHP. Kazi ya Kévin Dunglas ni nzuri, na tangu 2025 ina mkono wa PHP Foundation. Ila mnapohama kutoka php-fpm mnabadilisha ahadi ambayo msimbo wenu umeitegemea tangu siku ya kwanza bila kuitaja: kwamba kila ombi lina prosesi yake.

---

mchambuzi_dom:

Nimesoma uzi huu kwa hamu. Sisi wa Python tumeanza kukutana na mambo haya juzi tu. Tangu 3.13, Oktoba 2024, kuna Python ya pili isiyo na GIL (kufuli kubwa linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati), ile `python3.13t`, iliyotokana na pendekezo la PEP 703 la Sam Gross. Nilichokipenda ni kwamba ukiingiza kiendelezi ambacho hakijatangaza kuwa kinaweza kuishi bila GIL, Python inawasha GIL yenyewe na kukupa onyo, kazi inaendelea. Kwa nini PHP haikufanya hivyo, badala ya kukataa?

---

bi_chumbageni:

Swali zuri. PHP haina kufuli la kurudishia. Python kwa miaka yote ilikuwa na thredi ndani ya prosesi moja zikilinda data kwa kufuli moja kubwa, kwa hiyo kiendelezi cha zamani kinajua kuishi chini ya kufuli hilo. PHP ilichagua kutogawana data kabisa, na pasipo na kufuli hakuna cha kuwasha.

Na Python nayo inakataa, ila hatua moja kabla. Kiendelezi kilichojengwa kwa 3.13 ya kawaida hakiingii kwenye 3.13t. Lazima kiwe na alama ya `cp313t`, kwa sababu hata umbo la kitu kwenye kumbukumbu limebadilika, hesabu ya marejeo imegawanywa kati ya thredi mwenyewe na thredi nyingine. Kikishajengwa upya ndipo lile tangazo la `Py_mod_gil` linapoangaliwa. Utaratibu huo naupenda pia, kwa sababu unamfanya mwandishi aseme kwa mkono wake kwamba amekagua. PHP haina mahali pa kusema hivyo, na laiti ingekuwepo, imap ya ndugu yetu wa Eastleigh ingejitaja yenyewe.

Lakini tangazo ni neno la mwandishi, hakuna anayelihakiki. Mtu anaweza kuandika `Py_MOD_GIL_NOT_USED` ili onyo liondoke, huku ndani bado anatumia `PyList_GetItem`, inayokupa marejeo ya kuazima ambayo thredi nyingine inaweza kuyafuta chini ya miguu yako. Ndiyo maana 3.13 ilileta `PyList_GetItemRef`. Kwa hiyo unapochagua kiendelezi, soma historia ya mabadiliko yake uone kama kazi hiyo imefanyika kweli. Na usiweke `PYTHON_GIL=0` kwenye seva ya kazi ili kunyamazisha onyo, kwa sababu hapo kufuli linabaki limezimwa hata kwa kiendelezi kinacholihitaji.

---

fundi_igoma:

Shikamoo dada. Nimeweka faili la nts, `phpinfo()` inasoma `API20220829,NTS,VS16` kama ulivyosema, na sqlsrv inaonekana kwenye orodha. ODBC nimeweka 18. Sasa nikiunganisha inakataa kwa habari za cheti, inasema mnyororo wa cheti umetolewa na mamlaka isiyoaminika. Kwenye laptopu sikuwahi kuona hili.

---

bi_chumbageni:

Marahaba mdogo wangu. Hili halihusiani tena na thredi. Bila shaka laptopu ina ODBC 17. Kuanzia toleo la 18, muunganisho unasimbwa kwa chaguo-msingi, na SQL Server isiyowekewa cheti hujitengenezea cha kwake ambacho hakuna anayekithibitisha.

Kama SQL Server iko kwenye mashine hiyo hiyo ya IIS, weka `"TrustServerCertificate" => true` kwenye mpangilio wa muunganisho, data haitoki nje ya mashine. Kama iko kwenye mashine nyingine, mwombe anayesimamia mtandao wao aiwekee SQL Server cheti cha kweli, usilizime kosa.

Na ukiwa hapo hapo, usiunganishe kwa akaunti ya `sa` (msimamizi mkuu). Tengeneza mtumiaji wa ripoti, mpe `db_datareader` (ruhusa ya kusoma tu) kwenye kanzidata ya mauzo peke yake. Siku bosi atakapotaka kuuza kupitia humo, utamtengenezea mwingine.